Pedi ya joto badala ya taa: vifaranga wakilia, wakirundikana au wakihema, tatizo liko wapi?

Mfugaji aliyezoea taa akihamia kwenye pedi ya joto, usiku wa kwanza halali. Anachomeka pedi, anaweka kipimajoto katikati ya bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) kama alivyozoea, kinasoma nyuzi 19, naye anajua fika kwamba kifaranga wa siku moja anataka 33 hadi 35. Kabla hakujakucha taa imerudi kwenye ndoano yake na pedi imerudi kabatini.

Kipimajoto kilikuwa sahihi, ila kiliwekwa mahali pasipohusika. Taa humwaga joto juu ya kila kilicho chini yake: maranda, chakula, maji, vifaranga. Pedi inapasha mgongo wa kifaranga anayeigusa, basi. Bruda iliyobaki inaweza kuwa ya baridi na wala pasiwe na shida, kwa sababu mama kuku naye hapashi banda zima. Watoto hutoka, hula, hunywa, wakisikia baridi wanarudi chini ya mbawa. Karibu kila dalili utakayoikuta hapa chini inaanzia kwenye swali moja: je, migongo inagusa pedi?

Sababu za kuhama zinaeleweka. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6 za umeme kwa siku. Pedi ya wati 60, hata isipopumzika, haifiki uniti moja na nusu. Tena taa ikidondoka kwenye maranda makavu, banda linaondoka, na mara nyingine nyumba ya jirani nayo. Pedi ina karaha zake, lakini ni karaha za aina nyingine, na mtu akizitafutia dawa ya taa hazitibiki.

Pedi gani, na inakaaje

Nazungumzia pedi ya umeme ya kukandia mgongo au tumbo, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa na vifaa vya tiba, yenye upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa 60. Mkeka wa kuoteshea miche si mbadala wake. Ule huongeza nyuzi chache tu juu ya joto la chumba, nyuzi 6 hadi 11 hivi, na hilo kwa kifaranga wa siku moja wa Njombe mwezi wa saba ni sawa na hakuna kitu.

Pedi haitandikwi sakafuni. Inapandishwa juu ya kipande cha wavu wa waya mgumu uliokunjwa kama upinde, ikafungwa, ikawa dari ya pango dogo. Upande wa nyuma unakuwa chini zaidi kuliko wa mbele, ili kifaranga mdogo na mkubwa kila mmoja apate mahali ambapo mgongo wake unagusa. Chini yake ni maranda makavu. Pedi moja ya kipimo hicho inatosha vifaranga kama ishirini wiki ya kwanza; wakikua, nafasi inaisha haraka. Mwenye vifaranga mia tatu wa broila asisumbuke na pedi, atafute bruda ya gesi au jiko lenye bomba la kutolea moshi. Pedi ni ya mfugaji wa kienyeji, chotara na makundi madogo.

Iwashe saa moja kabla hawajafika, kisha ingiza mkono. Kiganja kigeuze juu, kiguse kitambaa, hesabu dakika moja. Unataka joto ambalo mkono unapenda kubaki nalo. Ukilazimika kuutoa, punguza. Ukipima kwa kipimajoto, kiguse kitambaa chenyewe: nyuzi 35 hadi 40 hapo si za kutisha, maana mwili wa kuku mzima una nyuzi 41 hivi, ilimradi vifaranga wana pa kutokea.

Wanalia kwa sauti kali na hawaingii chini

Hii ndiyo dalili ya saa za kwanza, na mara nyingi pedi haina kosa lolote. Vifaranga waliototolewa kwenye mashine hawajawahi kuwa na mama. Wakisafirishwa ndani ya boksi wamezoea kubanana wenyewe kwa wenyewe. Wakitolewa, wanakimbilia penye mwanga, na pango lenye giza haliwaiti.

Wafundishe. Chukua mmoja mmoja, chovya ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, kisha msukume chini ya pedi na uweke mkono mlangoni kwa muda. Ukitoa mkono atatoka, mrudishe. Wakielewa wawili watatu, wengine hufuata sauti zao, kwa sababu kifaranga aliyepata joto hutoa mlio mwororo wa chini chini ambao wenzake wanausikia. Chakula na kinyweshea maji viweke jirani na mlango wa pango siku hiyo ya kwanza, kesho yake uvisogeze mbali kidogo.

Zima taa ya chumba jioni. Watu husahau hili. Taa ya juu ikiachwa inawaka usiku kucha, vifaranga hujikusanya chini ya mwanga wake wakidhani ndio joto, wakati pedi iko hatua mbili nyuma yao. Giza likiingia polepole, baridi ikianza kuwagusa, wataingia. Kabla hujaenda kulala piga tochi uhesabu. Aliyebaki kona ya mbali amejikunyata, muingize kwa mkono. Ukimwacha hadi asubuhi unaweza kumkuta amekakamaa.

Kama wamefundishwa, wanajua njia, na bado hawaingii, ingiza mkono wako. Aidha pedi ni ya baridi au inachoma. Tuanze na baridi.

Wamo ndani, lakini bado wanalia na wanapandana

Lala kifudifudi, inua ukingo wa pedi kidogo, mulika. Vifaranga walio sawa utawakuta wametawanyika chini ya dari, wengine wamelala miguu imenyooshwa nyuma, na pembezoni vichwa vichache vimechungulia nje kama vile mwili uko ndani na kichwa kinapunga upepo. Vifaranga wenye baridi utawaona wamerundikana upande mmoja, migongo imekunjwa, wa katikati wamekandamizwa.

Sababu ya kwanza ni kimo. Dari iko juu mno. Mfugaji anaona huruma, anadhani watabanwa, anainua pedi hadi wanaweza kusimama wakanyoosha shingo. Hapo kati ya mgongo na kitambaa pana nafasi ya vidole viwili, na joto la pedi halivuki nafasi hiyo ipasavyo. Ishushe. Kifaranga akisimama mgongo uguse, akichuchumaa uache kidogo tu. Ukiona wameng'ang'ania nyuma kabisa ambako pedi iko chini, wameshakwambia wenyewe kimo wanachokitaka.

Sababu ya pili ni kitambaa. Pedi ikifunikwa taulo nene kisha nailoni kisha gunia, joto linaishia njiani. Upande unaowagusa vifaranga uwe na kitambaa kimoja chepesi, foronya ya pamba inatosha. Mablanketi yaende juu, upande wa pili, yazuie joto lisipotelee hewani. Lakini soma karatasi iliyokuja na pedi, kwa sababu zipo zisizotakiwa kufunikwa kwa vizito, na hizo zikifunikwa hujizima.

Ya tatu ni upepo wa chini ya mlango. Pedi inavumilia chumba cha baridi, haivumilii upepo unaopita ndani ya pango. Bruda izungushwe boksi au mbao zenye kimo cha goti, na mdomo wa pango ugeuziwe ukuta. Hata hivyo kuna kikomo: chumba kikishuka chini ya nyuzi 10, pedi moja peke yake itazidiwa na wadogo wa wiki ya kwanza. Kwa wenzetu wa Makete, Mafinga au Limuru kwenye Juni na Julai, maana yake bruda ikae ndani ya nyumba siku kumi za mwanzo, banda lisubiri.

Na ya nne: wamezidi. Ukiona kila usiku wale wale wawili watatu wanalala mlangoni nusu nje, hawajapenda. Ongeza pedi ya pili.

Ulilala pedi inawaka, ukaamka ni ya baridi

Hili ndilo linaloua zaidi, na ndilo ambalo mfugaji hulaumu vifaranga, chakula, hata aliyemuuzia, kabla hajaitazama pedi.

Pedi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye maumivu ya mgongo anayeweza kusinzia. Kwa usalama wake zina saa ndani: dakika tisini, au saa mbili, zinajizima. Ukiichomeka saa tatu usiku, saa tano vifaranga hawana joto, na saa kumi za alfajiri ndiyo baridi kali. Asubuhi ukigusa kitufe inawaka vizuri, kwa hiyo unaamini iliwaka usiku kucha. Jaribio lake ni rahisi na lifanywe kabla ya kununua vifaranga: iwashe asubuhi, iache, irudie baada ya saa tatu. Kama imezima, ama ina kitufe cha kubaki imewaka mfululizo (tafuta kwenye maelekezo), ama haikufai kwa kazi hii. Kuna mafundi watakaokwambia wanaweza kuifungua na kuiruka hiyo saa. Kataa. Ndani ya kasha la swichi kuna na kinga ya kuzuia pedi isipite kiwango, na anayekata waya mmoja anaweza kukata zote mbili.

Sasa aina ya pili, ambayo ni ya kwetu hasa. Umeme umekatika saa saba usiku, ukarudi saa nane. Taa za nyumba zimewaka zenyewe, friji inaunguruma, pedi imebaki imezima. Pedi zenye kitufe cha kubonyeza na taa ndogo za kuonyesha kiwango, umeme ukikatika husahau kila kitu, zinasubiri kidole. Zile za zamani zenye swichi ya kusogeza, chini–kati–juu, zinarudi zilipokuwa, kwa sababu swichi haijaondoka mahali pake. Ukiwa dukani na zote mbili ziko mbele yako, chukua ya kusogeza hata kama haina mapambo. Jaribu hapo hapo: washa, chomoa, chomeka tena, gusa baada ya dakika tano.

LUKU (umeme wa kulipia kabla) kuisha usiku ni jambo la kuhesabu, si la kushtukia. Pedi ya wati 60 kwa saa kumi na mbili inakula chini ya robo tatu ya uniti, kwa hiyo hata salio dogo linakufikisha asubuhi, isipokuwa kama kuna pasi na jiko la umeme vimelipitia kabla yako.

Umeme ukikatika na haurudi, chemsha maji, jaza dumu la lita tano au chupa kubwa, funga vizuri, lizungushie kitambaa, lisukume ndani ya pango chini ya pedi ile ile. Vifaranga watalizunguka. Dumu lililofunikwa vizuri hukaa na joto saa kadhaa, nawe unabadilisha likipoa. Ni bora kuliko jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambalo hewa yake huua vifaranga na wenye nyumba pamoja. Mwenye sola: betri ya volti 12 ya saa-ampea 100 ina wati-saa 1200 kwenye makaratasi, na betri ya maji haifai kuishusha chini ya nusu. Nusu hiyo ni pedi ya wati 60 kwa saa kumi, kasoro kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Inakaribia usiku mmoja. Taa ya wati 250 ingeimaliza kabla ya saa sita za usiku hazijafika. Ila inveta za bei rahisi, zinazotoa umeme usio laini, huwa zinavuruga baadhi ya pedi za vitufe; hapa tena ile ya swichi ya kusogeza ndiyo inayosumbua kidogo.

Harufu ya kuungua, au pedi imechoma mahali pamoja

Chomoa kwanza, uchunguzi baadaye.

Kama pedi ililetwa na ndugu kutoka Marekani, angalia kilichoandikwa nyuma au kwenye kasha la swichi. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu Tanzania 230 na Kenya 240. Watu hudhani ukibadilisha plagi umemaliza. Volti zikikaribia kuwa maradufu, pedi inavuta nguvu inayokaribia mara nne: ya wati 60 inajigeuza kuwa ya wati zaidi ya 200 ndani ya kitambaa kile kile. Bahati ikiwepo inakata fyuzi yake na kufa hapo hapo. Isipokuwepo, unajua. Inatumika tu ikiwa na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za pedi. Zawadi kutoka Uingereza au Omani haina shida hiyo.

Kama volti ni sahihi, sababu ni mkunjo. Ndani ya pedi kuna waya mwembamba unaozunguka huku na huku. Pedi ikikunjwa kwa pembe kali juu ya fremu, au ikifungwa kwa waya uliokazwa mpaka ukazama, mzunguko unabanwa, na pale pale panapata joto kuliko pengine, panakuwa pa kahawia, panatoa harufu. Upinde uwe mpana. Funga kwa vipande vya kitambaa au kamba laini kwenye pembe nne, usitoboe pedi hata kwa pini. Yenye doa la kahawia usiitumie tena, hata kama bado inawaka.

Mkojo wa kuku haupo peke yake, lakini kinyesi chao kina maji ya kutosha. Vifaranga wakijua kuruka, kuanzia siku ya tano sita hivi, watapanda juu ya pedi na kulala huko, kwa sababu na huko kuna joto. Wanapendeza, na wanachafua. Funika upande wa juu kwa nailoni laini ya kufunikia chakula au karatasi ya plastiki inayofutika, ufute kila siku. Chagua pedi ambayo maelekezo yake yanasema inafaa kutumika na kitambaa chenye unyevu. Hizo waya zake zimezibwa. Swichi na maungio ya ekstensheni yakae nje ya bruda na yaning'inie juu, mbali na kinyweshea.

Wanahema midomo wazi, au wote wanalala mbali na pedi

Wakitawanyika mchana wakila na kucheza mbali na pedi, hakuna tatizo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni wakilala mbali nayo, mbawa zimeachanishwa na mwili, mdomo wazi, kimya. Kimya ndicho cha kuogopa. Kifaranga mwenye baridi anapiga kelele mpaka umsikie ukiwa jikoni. Mwenye joto kali anachoka taratibu bila kukuambia.

Pwani hili ni la kila siku. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa pili, mchana chumba kina nyuzi 32 chenyewe. Pedi ya nini? Zima saa nne asubuhi, washa jioni, kwenye kiwango cha chini. Mfugaji wa Pwani akifuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa Iringa atawapika, na kinyume chake wa Iringa atawagandisha.

Kama uko bara kwenye baridi na bado wanahema, kuna mambo mawili. Pango limezibwa pande zote mpaka halina hewa: fungua upande wa pili, pango liwe na milango miwili. Au umetandika pedi sakafuni, vifaranga wakasimama juu yake. Joto linalotoka chini linapitia miguuni na tumboni, linakausha, na walio dhaifu hulala hapo hapo bila kuondoka. Aliyelazwa na homa haamki kuipunguza pedi. Ipandishe juu yao, kama ilivyoelezwa.

Bruda yenyewe iwe na urefu wa kutosha kukimbia joto. Boksi dogo la sabuni ambalo pedi inachukua eneo lote halina pa kukimbilia.

Mmoja mmoja anakufa usiku, amebanwa nyuma

Ukikuta maiti bapa nyuma kabisa ya pango, mahali pa chini zaidi, wengine wazima: aliingia kwenye kona kali, wenzake wakamfuata, akakosa pa kutokea. Pango lisiwe na kona. Ziba ile pembe nyembamba ambapo pedi inakutana na maranda kwa kujaza maranda zaidi, au fungua nyuma iwe mlango. Angalia pia kama wavu umelegea. Vifaranga kumi waliolala juu ya pedi wana uzito, na fremu ya waya mwembamba wa kuku inashuka kidogo kidogo kila usiku hadi chini hapapitiki. Wavu uwe wa waya mgumu, ule ambao unakunja kwa goti.

Na nyuzi za kitambaa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu halionekani mpaka limetokea. Taulo lina vijitanzi; ukucha wa kifaranga unaingia kwenye kimoja, anavuta, anazunguka, uzi unatoka mrefu na kukaza juu ya kidole. Kufikia asubuhi kidole kimevimba kimekuwa cha zambarau. Uzi huo huo ukizunguka shingo, hakuna asubuhi. Hakuna taulo, hakuna blanketi lenye manyoya, hakuna pindo lililofumuka. Foronya iliyoshonwa vizuri, ikaguliwe pembezoni, nyuzi zikatwe kwa mkasi.

Kinyesi kimeganda nyuma

Hii inaletwa na baridi, na joto kupita kiasi, na uchovu wa safari, na maji kuchelewa. Kwa hiyo peke yake haikwambii kama pedi iko juu au chini. Unganisha na dalili nyingine: kama na kurundikana kupo, ni baridi, kama na kuhema kupo, ni joto, kama hakuna kati ya hayo na wamefika leo kutoka safari ya basi, wape maji ya uvuguvugu yenye glukosi kabla ya chakula.

Kutibu: pamba na maji ya uvuguvugu, loweka hadi kilegee, kitoke chenyewe. Usikibandue kikiwa kikavu, utamchuna ngozi. Mkaushe kabisa kabla ya kumrudisha chini ya pedi. Kifaranga aliyelowa ndiye anayesikia baridi hata pedi ikiwa nzuri. Paka mafuta kidogo. Na usikosee ukashika kitovu, ambacho kiko tumboni mbele kidogo ya tundu la kinyesi. Kile kidoa kikavu cha hapo kiache kidondoke chenyewe.

Yanayosingiziwa pedi

Wakijikunyata huku pedi ni ya joto, kimo ni sawa, na mkono wako umethibitisha, acha kuhangaika na swichi. Kinyesi chenye damu kuanzia wiki ya pili au ya tatu ni koksidia, ugonjwa wa utumbo, na inashamiri kwenye maranda yaliyolowa. Dawa kama amprolium hutolewa kwenye maji kwa kipimo cha daktari wa mifugo, na maranda hubadilishwa siku hiyo hiyo. Tumbo lililovimba, kitovu chenye unyevu na harufu, vifo siku tatu nne za mwanzo: hilo lilianzia kwenye mashine ya kutotoleshea. Miguu iliyopanuka kama mkasi ni ya sakafu inayoteleza, hasa gazeti. Harufu kali inayokutoa machozi ukiinama ni amonia ya maranda mabichi, na wao wanaivuta usiku kucha pua zikiwa sentimita tatu kutoka sakafuni. Chini ya pango ndiko panalowa kwanza, kwa sababu ndiko wanakolala. Chota palipolowa kila siku mbili, ongeza makavu.

Kudonoana, cha kushangaza, hupungua. Taa inayowaka saa 24 huwanyima usiku. Kwenye pedi wanalala jua likizama na kuamka jua likichomoza. Ukiona wanadonoana hata kwenye pedi, wamebanana au chakula kina upungufu wa protini.

Wiki ya nne, hawataki kuiacha

Ratiba ya taa inasema punguza nyuzi 3 kila wiki. Kwa pedi kazi hiyo wanaifanya wenyewe: kila siku wanakaa nje muda mrefu zaidi. Wewe kazi yako ni kuinua fremu wanavyokua, na kushusha kiwango kutoka juu hadi kati hadi chini. Mwishoni mwa wiki ya tatu zima mchana. Wiki ya nne hadi ya tano, manyoya yakiwa yamejaa mgongoni na kifuani, zima na usiku, lakini pango liache mahali pake siku kadhaa. Watalala chini yake bila umeme. Ni mazoea tu, hawana baridi. Wakirundikana na kulia usiku wa kwanza, washa tena kiwango cha chini, ujaribu baada ya siku tatu. Huku nyanda za juu mwezi wa saba ongeza wiki moja bila kuona aibu.

Wakishahama, chomoa, vua foronya uifue kwa maji ya moto. Pedi yenyewe ifute kwa kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, ianike kivulini hadi ikauke kabisa, kisha iviringishe bila kuikunja. Kabla ya kundi lijalo ipitishie vidole taratibu kutoka upande hadi upande: ukikuta mahali waya umevunjika, umejikusanya, au swichi inacheza, nunua nyingine.